Amplifaya ya wati 1000 kwenye Morris Minor?

SWALI: Shikamoo mzee. Marehemu baba ameniachia Morris Minor 1000 ya mwaka 1963. Inatembea vizuri, na umeme wake wote ni wa kiwandani. Nimeweka spika mbili za ohm 4 kwenye kibao cha nyuma, chini ya kioo, na sasa natafuta amplifaya ndogo ya kuficha ili nisikilize taarabu kutoka kwenye simu nikienda Pangani. Dukani wamenionyesha moja yenye ukubwa wa tofali, imeandikwa wati 1000, na bei yake si mbaya. Ninunue? — Msomaji, Chumbageni, Tanga.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Hiyo usinunue, na hata nyingine usiinunue kabla hujafungua boneti.

Betri iko nyuma ya injini, chini ya kioo cha mbele. Tazama ule waya mnene unaofungwa kwenye bodi umetoka kichwa kipi cha betri. Kwenye Morris ambayo haijaguswa, umetoka kwenye chanya. Ndivyo Waingereza walivyozifunga: bodi ni chanya, hasi ndiyo inayozunguka kwenye nyaya. Magari ya leo ni kinyume, na amplifaya za madukani zimetengenezwa kwa ajili ya hayo ya leo. Mkabidhi fundi mwenye haraka, afunge waya mweusi kwenye bodi kama alivyozoea, na pesa yako imeungua papo hapo.

Wapo watakaokwambia ubadilishane nyaya mbili na kuipigilia amplifaya juu ya mbao isiguse chuma. Itaimba. Lakini ganda lake na soketi za sauti mara nyingi zimeungana na hasi humo ndani, na siku plagi ya waya wa simu itakapogusa bodi utaona moshi. Mimi ningeigeuza gari yenyewe. Kazi ni ya asubuhi moja: geuza betri ili waya wa bodi ushike hasi, badilishana nyaya mbili ndogo za koili (ile inayozalisha umeme wa plagi za injini), kisha ifundishe dainamo, mashine inayochaji betri, upande mpya. Chomoa waya wa F kwenye dainamo, yaani ule wa ncha yenye herufi F, chukua kipande cha waya kutoka kwenye chanya ya betri, gusisha pale F mara moja tu, kwa nukta, cheche iruke. Basi. Pampu ya mafuta iangaliwe kwanza, maana baadhi zina kifaa ndani kisichopenda kugeuzwa. Mota ya waipa haina neno.

Sasa hizo wati. Dainamo yako ya Lucas, ikiwa nzima, inatoa ampia 22 hivi injini ikikimbia. Kwenye silensa, injini ikinguruma polepole gari limesimama, haitoi kitu cha maana. Usiku taa kubwa zinakula kama 8, koili 4, taa ndogo 2. Mvua ikianza, waipa nayo inadai chake. Kinachobaki ni ampia 5 au 6. Wati 1000 za kweli zingetaka karibu ampia 100! Wala hazimo kwenye lile tofali. Geuza ulitazame fyuzi lake: likiwa la ampia 15, basi hata wati 200 halifikishi, na maandishi ya kwenye boksi ni mapambo.

Tafuta ya chaneli mbili, daraja D (huandikwa "Class D"), wati 40 au 50 za RMS, yaani nguvu ya kweli inayodumu, kila upande kwa ohm 4. Daraja D haipotezi umeme mwingi kwa joto, ndiyo maana hutengenezwa ndogo kama kitabu, na kwa taarabu ya sauti ya kawaida itakula ampia 2 au 3. Ukipata yenye bluetooth yake, hutahitaji redio wala kukata dashibodi. Nakuomba usiikate.

Ifunge chini ya kile kishubaka cha mbele, upande wa abiria. Usiiweke nyuma na spika. Jua la Tanga kupitia kioo kile litaichoma. Sanduku la fyuzi la Morris lina fyuzi mbili tu, liache na kazi zake. Vuta waya wa milimita 4 za mraba moja kwa moja kutoka betri, na fyuzi la ampia 10 karibu kabisa na betri. Waya mweusi ufunge kwa boliti kwenye bodi palipokwanguliwa rangi hadi chuma king'ae, halafu paka grisi, maana chumvi ya bahari haina subira. Ukisikia mluzi unaopanda na kushuka na mwendo wa injini, rudi kwenye boliti hiyo kabla ya kulaumu amplifaya.

Na ukishageuza gari, andika kwa rangi nyeupe karibu na betri: HASI KWENYE BODI. Fundi mzee anayezijua Morris ataifungua siku moja, na bila maandishi hayo atairudisha betri kama zamani, akidhani anakusaidia.