Karatasi rafiki kwa mazingira: anzieni chooni, printa baadaye

Mkuu, umeuliza ofisi yenu yenye bajeti ndogo ianzie wapi ikitaka karatasi zisizoumiza misitu, na kama kuna haja ya kulipa zaidi kwa rimu zilizorejelezwa. Manunuzi ya ofisi yetu hapa Dar nayafanya mimi, na ya nyumbani pia, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Anzieni chooni, kwa tishu iliyorejelezwa. Rimu ya A4 ikishatumika bado ina maisha, inakusanywa, inasagwa, inakuwa karatasi nyingine. Tishu ya chooni ikitumika ndiyo basi. Inaniuma mti ukatwe, uchemshwe kwa kemikali, upaushwe uwe mweupe pe, halafu uishie kwenye karo siku hiyo hiyo. Nyuzi za karatasi hufupika kila zinaporejelezwa, na baada ya mara tano hadi saba hivi hazishikani vizuri tena. Tishu inazipokea nyuzi fupi bila shida. Kampuni ya Chandaria ya Nairobi imetengeneza tishu kwa karatasi taka kwa miaka mingi, kwa hiyo si jambo geni kwetu. Ukiifungua tishu hiyo utaona weupe wake umefifia kidogo, na ukiinyanyua kwenye mwanga mara nyingi kuna vidoa vidogo vya wino wa zamani. Kwetu watu walinung'unika kwamba inakwaruza, tukahamia ya tabaka mbili, maneno yakaisha.

Kwenye rimu, kabla ya kutafuta iliyorejelezwa, pangeni printa zote zichape pande mbili bila mtu kuambiwa. Hakuna nembo itakayookoa karatasi kuliko hilo. Kisha shukeni kutoka karatasi ya gramu 80 hadi ya 70, yaani uzito wake kwa kila mita ya mraba. A4 kumi na sita zinatimiza mita moja ya mraba, kwa hiyo karatasi moja ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5 na rimu ya karatasi 500 ni kilo 2.5. Ya gramu 70 haifiki kilo 2.2. Kazi ni ile ile, na kila rimu imeokoa zaidi ya gramu 300. Mtaambiwa nyepesi inakwama kwenye printa. Huku pwani nimeona kinachokwamisha zaidi ni unyevu: rimu ikiachwa wazi masika, kingo zinajikunja. Ifungeni kwenye kasha lake, mtoe zinazohitajika tu.

Bahasha na mafaili chukueni ya kaki, maana rangi ile ni ya nyuzi zenyewe, hazijapaushwa. Kiwanda cha Mgololo kule Mufindi kinatengeneza karatasi za kaki, na misindano yake ni ya kupandwa.

Karatasi nyeupe zilizochapwa pande zote wekeni boksi lake, kavu, mbali na maganda ya chungwa na mafuta ya chipsi. Wanunuzi wa karatasi taka wanazitaka hizo kuliko mchanganyiko. Risiti za EFD, zile za mashine za kodi, zisiingie humo kabisa: zimepakwa kemikali inayobadilika rangi kwa joto, nazo zinachafua mzigo. Vikombe vya karatasi vya chai navyo vina utando wa plastiki ndani. Nunueni vya udongo, kila mtu awe na chake. Nyumbani, khanga iliyochakaa ikikatwa vipande inafuta meza na jiko vizuri kuliko tishu za jikoni, ikifuliwa inarudi kazini.

Sasa nembo. Picha ya jani na neno "eco" haithibitishi chochote, mtu yeyote anaweza kulichapa. Tafuta FSC, nembo ya shirika la kimataifa linaloweka viwango vya utunzaji wa misitu, usome kilichoandikwa chini yake. "Recycled" maana yake nyuzi zote zimerejelezwa. "100%" zote zimetoka misitu iliyokaguliwa. "Mix" ni mchanganyiko, na humo huweza kuwa na mbao ambazo msitu wake haujapewa cheti kamili. Pembeni kuna namba inayoanza na FSC na herufi C, yenye tarakimu sita. Iingize kwenye tovuti yao uone ni ya nani na ya bidhaa gani. Fanya hivyo mbele ya msambazaji kabla hujalipa bei ya juu. Namba isipoonekana, chukua gramu 70 ya kawaida, na pesa iliyobaki uiongeze kwenye tishu zilizorejelezwa.