Jibu: Lebo ya kijani inatosha kuiamini kampuni ya nguo?
Haitoshi, ndugu. Neno "endelevu" yeyote anaweza kulichapa kwenye lebo. Mimi huanza na tovuti yao: je, wametaja viwanda vinavyowashonea, kwa jina na mahali? Jengo la viwanda vya nguo la Rana Plaza lilipoporomoka Bangladesh Aprili 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100, ilibidi lebo zifukuliwe kwenye kifusi ndipo ijulikane nani alikuwa akishonewa pale. Wakidai pamba ya kilimo hai, tafuta alama ya GOTS (kiwango cha kimataifa cha nguo za kilimo hai), kisha hakiki namba ya leseni kwenye tovuti ya GOTS wenyewe. Kwenye mishahara ndipo wengi hukwepa: "tunafuata sheria ya nchi" mara nyingi ni kima cha chini tu. Mwenyewe, kusema kweli, bado nachagua mitumba.