Mwaridi uliofyekwa kwa panga: upi utapona?

Swali: Nina miwaridi mitatu ya kusimama mbele ya nyumba yangu South C, Nairobi, ile yenye shina moja refu na maua kileleni. Wiki tatu zilizopita kijana wa bustani aliifyeka kwa panga, eti alisoma kwamba waridi likikatwa sana ndipo huchanua. Mmoja umebaki fimbo tupu, ila unachipua kwa nguvu chini. Miwili mingine imebaki visiki vilivyopasuka. Nifanyeje?

Jibu: Pole sana, mama. Huo unaochipua kwa nguvu ndio unaonitia wasiwasi kuliko hiyo miwili iliyonyamaza.

Mwaridi wa namna hiyo ni mimea miwili iliyounganishwa. Mizizi na shina ni vya waridi la mwitu; waridi ulilonunua lilibebeshwa juu, penye fundo. Pitisha kidole ulitafute. Kama panga lilipita chini ya fundo, waridi lako limekwenda, na hayo machipukizi yote ni ya mwitu. Watu husema uhesabu vijani vidogo vinavyounda kila jani: saba ni la mwitu, vitano ni la kununua. Usitegemee hesabu hiyo, kwani yapo mawaridi ya bustani yenye saba. Tazama chipukizi limetokea wapi.

Lakini usiung'oe. Bakiza chipukizi moja lililonyooka, mengine uyang'oe kwa kuyavuta tangu yanapoanzia (ukiyakata yatarudi). Likifika unene wa penseli, mtu wa kitalu anaweza kulibebesha jicho (kijichipukizi ambacho bado hakijafunguka) kutoka kwa hiyo miwili, ikipona.

Nayo nadhani itapona. Kwaruza gome kwa ukucha: kijani ni uhai. Chukua makasi makali ya kupogolea, uyapanguse kwa spiriti, kisha ukate visiki kidogo kidogo kushuka mpaka moyo wa tawi uwe mweupe. Ukiwa wa kahawia, shuka tena, ila usivuke fundo. Mkato wa mwisho uwe wa mshazari, nusu sentimita juu ya jicho linalotazama nje. Vidonda usivipake rangi. Hufungia unyevu ndani.

Maji, taratibu. Udongo mweusi wa huko kwenu hushika maji, na mmea usio na majani haunywi mengi. Samadi isubiri machipukizi yafike urefu wa kiganja. Shina lililoachwa uchi lifunge gunia jepesi, jua la mchana lisilibabue.

Huyo kijana hakutunga uongo. Ushauri wa kukata sana unafaa Uingereza, ambako mwaridi hulala wakati wa baridi kali. Nairobi haulali, kwa hiyo ukiukata mpaka kisiki unaunyang'anya majani ungali kazini. Hapa punguza kama theluthi moja, ondoa matawi makavu na yanayosuguana, basi.

Wiki sita zikipita bila jicho hata moja kuvimba, na ukucha ukionyesha kahawia hadi chini ya fundo, ng'oa. Mwingine uupande shimo jipya, maana mwaridi mchanga hudumaa palipokuwa na mzee.