Ukizuru Kelmscott Manor, anza na paa

Kelmscott Manor ni nyumba ya mawe ya chokaa iliyojengwa mnamo mwaka 1600 hivi, karibu na mto Thames katika mkoa wa Oxfordshire, Uingereza. Wageni wengi huingia ndani moja kwa moja kuona mabaki ya maisha ya William Morris, msanii aliyekuwa mpangaji wake tangu mwaka 1871 hadi alipofariki mwaka 1896. Ushauri wangu ni kwamba usiharakishe kuingia: simama kwanza uani ulitazame paa, maana mimi ndipo nilipoanza kuielewa nyumba yenyewe.

Paa hilo limeezekwa kwa vipande vyembamba vya mawe. Vilivyo kileleni ni vidogo, na kadiri macho yanavyoteremka vinazidi kuwa vikubwa, safu kwa safu, hadi vile vipana vya ukingoni. Morris alivifananisha na magamba ya samaki, na kweli vinapendeza, lakini mpango huo una kazi yake: maji ya mvua ya paa zima hukusanyika chini, ambako mawe mapana huacha viungo vichache vya kupenyeza. Mteremko nao ni mkali, kwa kuwa mawe ya asili hayalaliani sawasawa na maji yakikawia yatapata njia. Katika kijiji cha Stonesfield, mkoani humohumo, mafundi walikuwa wakichimba mawe ya ezeko na kuyatandaza nje wakati wa baridi yangali na unyevu wa ardhini, ili maji yaliyomo yagande na kuyapasua. Yakishakauka, baridi haiyapasui tena.

Kisha sogea ukutani uangalie kinachoshika mawe. Nyumba za namna hii zilijengwa kwa chokaa, kama zilivyojengwa nyumba za kale za Lamu na Unguja, na chokaa huruhusu unyevu utoke kupitia viungo. Saruji huuzuia, kwa hiyo unyevu hulazimika kutoka kupitia jiwe lenyewe, na baridi ikija uso wa jiwe humeguka. Nimeona kuta kadhaa za vijijini zilizoharibiwa hivyo kwa nia njema, na inauma sana. Morris mwenyewe alishiriki kuanzisha chama cha kulinda majengo ya kale mwaka 1877, kikitetea ukarabati wa taratibu badala ya kuyafanya yaonekane mapya.

Kwa hiyo ukipanga au kununua nyumba ya aina hii, muulize fundi atajazia nini kwenye viungo kabla hajachanganya chochote.