Kuzungushia fensi kiwanja Tanga: usianze na tofali

Mkuu, umesema uko Dar, una kiwanja cha mita 20 kwa 30 Sahare huku Tanga, fundi kakupa hesabu kwa simu na unataka kujua kama anakupiga. Mi nimejenga fensi yangu hapa hapa Tanga na nimesimamia ya shemeji yangu, kwa hiyo ntakwambia nnachokijua. Hesabu yake sio mbaya sana, shida yake kaanza na tofali, na tofali ndo kitu rahisi kuliko vyote kwenye fensi.

Anza na bikoni, yale mawe ya mpima yanayoonyesha kona za kiwanja. Tafuta mpima aliyesajiliwa aje na ramani ya upimaji azitafute zote nne, usikubali mtu akwambie anakuonyeshea kwa GPS ya simu, ile inakosea mita kadhaa na kwa mita hizo unajenga kwa jirani. Huku pwani viwanja vingi vimekatwa juu ya mashamba ya zamani ya minazi na miembe, na mipaka ya wazee ilikuwa miti. Afu kuna hili watu wa bara huwa hawalielewi, ardhi inaweza ikawa ya kwako na mnazi ukawa wa mtu mwingine, na wala hakudanganyi.

Kwa shemeji ndo ilivyokuwa. Ana hati mkononi, mzee wa jirani akatoka na bakora yake akaenda moja kwa moja kwenye mnazi akaugonga gonga, "mwanangu, tangu enzi za wazee mpaka wa hapa ni huu". Ramani inasema bikoni iko mbele zaidi ya pale. Hatukubishana, tukampa shikamoo yake tukamwita mwenyekiti wa mtaa, mpima akapima mbele ya watu wote, kijana akachimba pale palipoonyeshwa na bikoni ikatokea chini ya makuti yaliyooza na mchanga. Mzee akaiangalia weee, afu akaomba kamba ashike upande wa pili. Mzee akalipwa mnazi wake kwa bei tuliyoelewana, tukaandikishana kwa mtendaji. Ungejenga kwanza ndo ukaelewane, hapo ni baraza la ardhi na miaka inaenda.

Kibali usikiruke, watu wanadhani fensi sio jengo. Nenda halmashauri ya jiji na nakala ya hati, mchoro wa fensi na risiti ya kodi ya ardhi, uliza mipango miji wanataka nini kingine maana kila kiwanja na mambo yake. Kama uko karibu na maji, sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na kama unapakana na barabara kuu au ya mkoa hifadhi yake ni mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Ukipigiwa X nyekundu ukutani hakuna cha kujitetea. Na waya wa umeme wa TANESCO ukipita juu yako kaulize kabla, sio nguzo imeshabaki ndani ya fensi.

Sasa maji, hapa ndo hela zinapopotelea. Ukuta wa kuzunguka kiwanja ukishaujenga kwenye mteremko umejenga bwawa, masika yakija mwezi wa nne maji yanasimama upande wa juu, udongo unalowa unakuwa mzito unasukuma, na msingi ukiwa kwenye mchanga mtupu ukuta unalala. Kuna mtaa wa jirani na kwangu ukuta mzima ulilala hivyo, mzuri una lipu na rangi, haukuwa na tundu hata moja la kutolea maji. Nenda kiwanjani mvua ikiwa inanyesha uone maji yanapita wapi, hapo uache matundu kozi ya chini, yani mstari wa kwanza wa tofali, na mtaro wa kuyapeleka, ila usiyaelekeze kwa jirani. Msingi chimba mpaka ukute udongo mgumu, usikubali kina cha kukariri.

Hesabu yenyewe ipige hivi. Mzunguko mita 100, toa geti mita 4, unabaki na 96. Tofali ya nchi 6 ukihesabu na udongo wake wa saruji wa kuungia, kozi moja kuzunguka inakula kama 204. Kozi 8 za juu ni 1,632, kozi 3 za msingi ni 612, ongeza za kuvunjika ufike 2,350 hivi. Nguzo kila mita 3 ni kama 33, nondo moja ya mm 12 ya mita 12 inatoa vipande vinne vya mita 3, yani nguzo moja nondo moja. Fundi akikutajia tofali 3,500 kwa kiwanja hicho muulize zingine anapeleka wapi. Na kama hela haitoshi, jenga kwanza msingi na nguzo, kwingine vuta seng'enge uoteshe minyaa, hakuna aibu.

Tofali kama unafyatulia saiti simamia mfuko wa saruji unatoa ngapi, akikwambia 45 huyo anakuuzia mchanga. Zimwagiliwe maji wiki nzima. Mchanga wa baharini usiingie kwenye zege la nguzo hata ukipewa bure, na maji ya kisima yenye chumvi pia, nondo inaota kutu ndani, inavimba na nguzo inapasuka kuanzia ndani. Kwa upepo wa Sahare geti lipigwe ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu pande zote kabla halijafungwa, na liwe pana Fuso na gari la maji taka viingie.

Mwisho, kwa kuwa uko mbali, mlipe kwa hatua, na hela ya zege isitoke mpaka akutumie video kasimama ndani ya mtaro wa msingi na tepu inaonekana, nondo zimeshasukwa na hazijagusa udongo. Wengi hutuma picha ya ukuta uliokwisha, hiyo hata mi siwezi kukwambia chini kuna nini.