Gemu jipya lipimwe na benchi, si na nyota

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa: "Kati ya magemu ya video yaliyotoka miaka ya karibuni, lipi linastahili pesa yake, na wahakiki wanakosea wapi?" Najibu kwa upande wa vibanda vya gemu, maana hapa Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Igoma, vijana wengi wanacheza kwa kulipia mechi: wawili wameshika padi, wanne wako kwenye benchi wanasubiri zamu. Mhakiki anamwandikia mtu aliye sebuleni kwake, mwenye mashine ya PlayStation 5 (PS5) na intaneti isiyokatika. Nyota zake haziwezi kumsaidia mwenye PS4 mbili na bando la simu.

Tuanze na mpira, ndio unaolipa kodi ya kibanda. Tangu EA, kampuni inayotengeneza gemu la mpira, waachane na jina la FIFA na kutoa FC 24 Septemba 2023, wahakiki wanalalamika kila mwaka kwamba ni gemu lilelile limevishwa jezi mpya. Kwa mwenye PS4, lawama hiyo ni nzito kuliko wanavyoiandika. Mfumo wa HyperMotionV, unaochota mwendo wa wachezaji kutoka mechi halisi, waliuleta kwa PS5, Xbox Series na kompyuta. PS4 haikuupata. Kwa hiyo anayenunua toleo jipya la PS4 kwa bei kamili ananunua vikosi tu, na hata hivyo vikosi vina mtego wake. Diski inabeba usajili wa siku ilipotengenezwa. Ukitaka usajili wa Januari, faili la vikosi ni dogo, lakini seva, yaani kompyuta za EA za mtandaoni, hazikuruhusu kuingia mpaka ushushe kwanza apdeti ya gemu zima, nayo inapimwa kwa GB. Bando linakata hujamwona hata mchezaji mmoja aliyehama.

Ushauri wangu: chukua toleo la mwaka uliopita, diski iliyotumika. Igeuze chini ya mwanga. Mkwaruzo unaotoka katikati kwenda ukingoni mara nyingi mashine inauvumilia. Ule unaofuata mzunguko wa diski ndio unaogandisha gemu katikati ya kusakinisha, kwa sababu unaharibu data nyingi zilizopangana mfululizo. Kabla ya kuiingiza, zima intaneti kwenye mipangilio ya mashine ili isianze kudai apdeti. Kisha shika saa. Mechi ya dakika 4 kila kipindi, ukijumlisha faulo na marudio ya magoli, inakula kama dakika 12, yaani mechi tano kwa saa. Gemu ambalo menyu zake zinaongeza dakika 3 kabla ya mpira kuanza limekunyang'anya mechi moja kila saa. Sijaona mhakiki anayelipima hilo. Na kabla hujasema gemu linachelewa kuitikia padi, weka TV kwenye hali ya gemu. Mara nyingi ni TV inayochelewesha picha kwa kuisafisha.

Sasa kuna jambo kubwa zaidi, la uhakiki wa siku ya kwanza. Watu wanasema usiusome, subiri, gemu litarekebishwa. Kwa kibanda kisicho na intaneti ni kinyume kabisa. Cyberpunk 2077 ilitoka Desemba 2020 ikiwa mbovu kwenye PS4, mpaka Sony wakaiondoa kwenye duka lao la mtandaoni. Ilirudi Juni 2021. Anayekuambia leo kwamba "ilishatengemaa" anazungumzia iliyopata masasisho. Diski ya mwanzo, ukiichomeka bila intaneti, ni ile ile ya Desemba. Kwa hiyo uhakiki wa kwanza, ule uliojaa hasira, ndio unaoielezea diski uliyoshika mkononi.

Upande wa ngumi, Tekken 8 ya Januari 2024 ilisifiwa, na sifa zile ni halali. Kitufe cha L1 kinamwezesha asiyejua michanganyiko ya vitufe kupiga mapigo makubwa kirahisi, hivyo mgeni hapigwi hadi akate tamaa. Ila haikutoka kwa PS4, na Mortal Kombat 1 ya Septemba 2023 vilevile. Mwenye PS4 anayetaka ngumi mpya achukue Street Fighter 6, ya Juni 2023. Ina hali ya vidhibiti vya kisasa, ambapo pigo maalumu linatoka kwa kitufe kimoja na mwelekeo, na haihitaji intaneti kwa wawili kupigana. Kwangu mimi hilo ndilo gemu bora la kibanda kati ya yote niliyoyataja.

Wenye PS5 waangalie padi. Kwenye mpira, R2, kitufe cha nyuma cha kulia, inashikiliwa karibu mechi nzima kwa kukimbia, na gemu linaweza kuifanya ngumu kadiri mchezaji anavyochoka. Sebuleni ni raha. Kibandani, kutwa nzima, ni gia ndogo ya plastiki inayosagika. Nenda mipangilio ya mashine, sehemu ya vifaa vya ziada, zima nguvu ya vitufe vya nyuma. Padi itadumu na mpira hautapungua utamu.

Lipo pengo moja linaloniuma, na sijaona nyota ikipunguzwa kwa ajili yake: FC haina ligi ya Tanzania. Vijana wanaotaka kucheza Simba na Yanga wanaingia kwenye simu, wanafungua PPSSPP, programu inayoendesha magemu ya mashine ya PSP, na kucheza PES, gemu jingine la mpira, ya zamani ambayo wajuzi wa mtaani wameipachika jezi na majina ya timu zetu. Picha zake ni hafifu, na bado benchi linahama kwenda kuitazama.