Maswali na Majibu ya Ufundi: Kuunganisha Nyaya na Kioo cha Namba

SWALI: Ndugu Mhariri, mizani ya dijitali iliyokuwa ikipimia dagaa katika mwalo wa Kibirizi imekufa, lakini kioo chake cha namba bado ni kizima. Ninataka kioneshe volti za betri yangu ya sola. Nimejaribu kulehemu nyaya nyembamba kwenye ukingo wa kioo, lakini risasi inajiviringa na kudondoka. Je, nitumie pasi yenye moto mkali zaidi?
Msomaji, Ujiji, Kigoma.

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usiongeze moto. Ukiinamisha kioo hicho chini ya taa utaona vistari hafifu vinavyofika ukingoni. Vistari hivyo ndivyo vinavyopitisha umeme, navyo ni utando wa oksidi ya indiamu na bati, mwembamba kuliko hata sehemu moja ya elfu ya milimita, ambao risasi ya kawaida haiushiki hata pasi iwe na moto kiasi gani. Joto likizidi, kioo kitapasuka au plastiki ya kuchuja mwanga iliyobandikwa juu yake itababuka, na hapo hakuna tena cha kuokoa.

Katika mizani nyingi za aina hiyo, kati ya kioo na bodi ya saketi huwekwa kipande chembamba cha raba yenye milia. Milia myeusi ina kaboni na hupitisha umeme, ile mingine haipitishi. Kwa kuwa kila mlia ni mwembamba kuliko mguso mmoja wa kioo, kila mguso hukutana na milia kadhaa kwa wakati mmoja, na ndiyo maana raba yenyewe haihitaji kupangwa kwa usahihi. Kinachopaswa kuelekezana sawasawa ni kioo na bodi. Kaboni huzuia umeme kiasi, lakini kioo cha namna hii hutumia mikroampea chache tu, hivyo kizuizi hicho hakileti tatizo.

Kwa hiyo waya uishie kwenye bodi, na kioo kibaki kikibanwa tu. Kama bodi ya zamani ungali nayo, usiitupe, kwa sababu kazi ngumu kuliko zote, yaani kuchora miguso inayolingana na ile ya kioo, imekwisha kufanywa kiwandani. Tumia wembe kukata njia za shaba zinazotoka kwenye miguso hiyo kwenda kwenye tone jeusi linalofunika chipu, kwangua rangi ya kijani kwenye kipande cha njia kilichobaki upande wa miguso, kisha lehemu hapo waya mwembamba wa shaba, kama ule wa koili ya rilei, baada ya kuuondolea vanishi. Bandika nyaya zote kwa gundi kwenye bodi ili zikivutwa zising'oe shaba. Mizani iliyokaa mwaloni hushika mafuta ya samaki na unyevu, hivyo kabla ya kufunga futa kioo, raba na bodi kwa spiriti. Asetoni usiiguse kabisa, kwani huharibu ile plastiki ya kuchuja mwanga.

Raba ikiwa imepotea na huna nyingine ya kimo kilekile kutoka kwenye kikokotoo kibovu, ipo njia ya kupaka rangi yenye chembe za madini ya fedha juu ya mguso na ncha ya waya, kuiacha ikauke, kisha kufunika kwa gundi ya epoksi. Mimi huiona kuwa njia ya mwisho, nayo hufaa pale tu miguso ilipoachana vya kutosha, kwa maana rangi ikivuka kutoka mguso mmoja hadi wa jirani, namba zitachanganyikana.

Jambo moja zaidi lisikupite: usikipe kioo hiki umeme wa moja kwa moja wa betri, hata kwa kukijaribu tu kwa muda mrefu, kwa sababu huleta mabadiliko ya kikemia yanayokiua. Kinahitaji umeme unaogeuka upande mara 30 hadi 100 kwa sekunde. Hesabu pia miguso. Tarakimu 4, kila moja ikiwa na vipande 7, zina vipande 28. Ukikuta miguso 12 tu, yaelekea 4 ni ya pamoja, yaani kila mmoja huhudumia vipande vingi, na 8 ni ya vipande, na hapo chipu kama HT1621, iliyotengenezwa kuendesha vioo vya namna hiyo, itakurahisishia mambo.

SWALI: Kikokotoo changu cha dukani kinaonesha namba zenye vipande pungufu, lakini nikibonyeza kioo kwa kidole vinarudi. Je, kioo kimekufa?
Msomaji, Tabora Mjini.

JIBU: Hapana, kioo chako ni kizima, kinachokosekana ni mbano. Fungua, futa raba na miguso kwa spiriti, rudisha raba ikiwa imenyooka, kisha kaza skrubu zote kidogo kidogo kwa zamu, bila kumaliza moja kabla ya nyingine, ili kioo kisielemewe upande mmoja.